Gazeti Lisilofika Mlangoni



Nimetakiwa nizungumze nanyi juu ya kufifia kwa magazeti ya mahali, yaani yale magazeti ambayo shughuli yake ni habari za mji mmoja au wilaya moja, pamoja na kutoweka kwa desturi ya kuyafikisha magazeti hayo mpaka mlangoni mwa msomaji. Sehemu kubwa ya maneno yangu itahusu Marekani. Huko desturi hiyo ilikuwa na mizizi mirefu kuliko karibu kila mahali ulimwenguni, na huko hasara iliyotokana na kufa kwake imepimwa na wataalamu kwa tarakimu, si kwa manung'uniko ya wazee wanaokumbuka ujana wao. Mwishoni nitarejea kwetu, maana sikuja hapa kuwaombolezea Wamarekani.

Wako watu watakaosema kwamba jambo hili halihitaji mazungumzo marefu. Intaneti imekuja, gazeti limekwenda, kama gari lilivyokuja na punda akapumzishwa. Maelezo hayo ni mepesi mno. Punda alipopumzishwa, mzigo ulibebwa na gari. Gazeti la mahali lilipopumzishwa, sehemu fulani ya mzigo wake haikubebwa na mtu yeyote, bali ilibaki pale pale njiani. Ni sehemu hiyo nitakayoishughulikia.

Kwanza yafaa tuelewe gazeti hilo lilikuwaje. Mwaka 1833, katika mji wa New York, mpiga chapa aliyeitwa Benjamin Day alianzisha gazeti, The Sun, akaliuza kwa senti moja wakati magazeti mengine yakiuzwa kwa senti sita. Gazeti la senti moja halina faida kama halikununuliwa na watu wengi, na watu wengi hawapatikani kama gazeti halikutembezwa. Kwa hiyo Bw. Day aliwatafuta watu wa kulitembeza mitaani, na punde si punde kazi hiyo ikawa ya watoto. Watoto hao walikuwa maskini wa kutupwa. Mwaka 1899 waliwagomea matajiri wawili wa magazeti wa New York, Joseph Pulitzer na William Randolph Hearst, na ingawa bei ya jumla haikushushwa, walipata jambo moja kubwa: kampuni zilikubali kuyapokea tena magazeti yaliyoshindikana kuuzwa.

Katika karne ya 20 mtindo ulibadilika. Badala ya kupiga kelele njiani, mtoto alipewa mtaa wake. Aliyanunua magazeti kwa bei ya jumla, akayatia katika mfuko, akapanda baiskeli, akapita nyumba kwa nyumba. Siku ya kukusanya fedha alibisha hodi kwa wateja mmoja mmoja na faida ikawa yake. Wenye magazeti walimwita mfanyabiashara mdogo, na jina hilo lilikuwa na hila ndani yake, kwa kuwa mfanyabiashara si mwajiriwa, naye asiye mwajiriwa hadai haki za mwajiriwa. Hata sheria ya kazi ya huko iliwatoa wagawaji wa magazeti katika vifungu vyake vya kuzuia ajira ya watoto. Sisemi haya ili kuisifu desturi hiyo. Nasema ili tujue kwamba gazeti lililofika mlangoni kwa bei ndogo lilifika kwa jasho la mtu.

Mengi ya magazeti hayo yalikuwa ya jioni, yakagawiwa watoto watokapo shuleni. Televisheni ilipozichukua jioni za watu, magazeti ya jioni yalianza kufa, na yale ya asubuhi yakataka mtu wa kuamka saa tisa au saa kumi za usiku. Hofu nayo ikaingia. Mwaka 1982, huko West Des Moines katika jimbo la Iowa, mtoto wa miaka 12 alitoweka alfajiri ya Jumapili alipokuwa akigawa magazeti, na habari yake ilitikisa nchi nzima. Hatua kwa hatua baiskeli ilimpisha mtu mzima mwenye gari kuukuu, aghalabu mwenye kazi nyingine ya mchana, anayelitupa gazeti uani bila ya kusimamisha gari.

Na ndani ya gazeti lenyewe mlikuwa na nini? Msomaji wa mbali angelifungua na kuona upuuzi mtupu. Nani amefariki na atazikwa lini. Nani ameoa. Timu ya shule imefunga mabao mangapi. Chakula cha mchana shuleni wiki ijayo. Zabuni ya kujenga daraja. Mnada wa shamba la mdaiwa. Halmashauri ya shule imekutana Jumanne usiku, imepitisha bajeti kwa kura nne dhidi ya tatu, na mzee fulani amesimama kulalamikia kodi. Lakini tazameni vizuri orodha hiyo. Aliyelifungua gazeti kutafuta tangazo la msiba alikutana njiani na ile kura ya nne dhidi ya tatu. Hakuitafuta, ilimkuta. Raia wengi huzijua habari za serikali yao kwa namna hiyo, kwa kupita, wakiwa wanatafuta jambo lingine. Ninyi walimu mnalijua hili kuliko mimi, kwa sababu mwanafunzi hujifunza mengi katika ukurasa aliokuwa akiufungua kwa haraka kuelekea kwenye picha.

Sasa tuje kwenye fedha, ambako ndiko mkasa ulikoanzia. Msomaji wa Marekani aliamini kwamba yeye ndiye anayelinunua gazeti lake. Ukweli ni kwamba senti zake zilitosha kulipia karatasi na mgawaji, na pengine hazikutosha. Kati ya kila dola 5 za mapato ya gazeti, karibu 4 zilitoka kwa watangazaji: maduka makubwa, wauzaji wa magari, na yale matangazo madogo madogo ya nyumba, kazi na vitu vilivyotumika. Mwandishi aliyekaa katika kikao cha halmashauri mpaka saa tano za usiku alikuwa akilipwa na mtu aliyetaka kuuza kabati. Hapakuwa na uhusiano wowote kati ya kabati na kikao, ila tu kwamba vyote viwili vilisafiri katika karatasi moja.

Mwaka 1995 Craig Newmark wa San Francisco alianzisha orodha ya matangazo iliyokuja kujulikana kwa jina la Craigslist, ambamo mtu aliweza kuuza kabati lake bila ya kulipa hata senti. Baadaye zikaja kampuni kubwa za Google na Facebook, zikayachukua na matangazo ya maduka. Mwaka 2005 magazeti ya Marekani yalipata dola zaidi ya bilioni 49 kutokana na matangazo. Mwaka 2020 yalipata chini ya bilioni 9. Katika mwaka huo huo wa 2020, kwa mara ya kwanza, fedha za wasomaji ziliyapita mapato ya matangazo, na hiyo haikuwa dalili ya wasomaji kuongezeka. Watumishi wa vyumba vya habari vya magazeti, waliokuwa kama 71,000 mwaka 2008, walibaki kama 31,000 mwaka 2020.

Lakini ingekuwa dhuluma kuitupia intaneti lawama zote. Wenye magazeti wengi walikuwa wamekopa fedha nyingi mno katika miaka ya neema ili kununuana wao kwa wao, wakiamini kwamba neema haina mwisho. Mapato yaliposhuka, madeni hayakushuka. Ndipo zilipoingia kampuni za fedha ambazo hazikuwa na haja na habari. Zilinunua gazeti, zikauza jengo lake la katikati ya mji, zikapunguza waandishi, zikapandisha bei, zikachuma faida muda wote ambao wasomaji wazee waliendelea kulipa kwa mazoea. Mwezi Aprili 2018 wahariri wa Denver Post walichapa tahariri katika gazeti lao wenyewe wakiwashutumu wamiliki wao, kampuni ya Alden Global Capital, kuwa ni tai wa mizoga. Ni mara chache mtumishi humwita hivyo bwana wake hadharani, tena kwa wino wa bwana huyo huyo. Hata hivyo Alden haikutetereka, na mwaka 2021 ilinunua pia kampuni ya Tribune, yenye magazeti ya Chicago, Baltimore na miji mingine.

Katika kutafuta pa kupunguza, wengi waliona kwamba gharama kubwa imo katika karatasi, mafuta ya magari na wagawaji. Hapo ndipo walipokata. Mwezi Machi 2009 magazeti mawili ya Detroit, Free Press na News, yaliacha kupelekwa majumbani siku nyingi za wiki. Mteja wa Free Press alilipata mlangoni siku ya Alhamisi, Ijumaa na Jumapili tu, na siku nyingine alitakiwa alifuate dukani au alisome katika kompyuta.

Kisa cha New Orleans kinafundisha zaidi, nami nitakaa nacho kidogo. Gazeti la mji huo, Times-Picayune, lilianza mwaka 1837 na lilibeba jina la sarafu ndogo iliyokuwa bei yake. Mwaka 2002 lilichapa mfululizo wa makala zilizoonya kwamba kimbunga kikubwa kingeweza kuuzamisha mji. Mwezi Agosti 2005 kimbunga Katrina kilikuja na mji ukazama. Maji yalipokuwa yakipanda, waandishi na mafundi wa gazeti waliondoka wakiwa wamepakiwa katika malori yale yale ya kugawia magazeti. Kwa siku tatu gazeti lilitoka katika intaneti peke yake. Kisha likapigwa chapa katika mtambo wa gazeti jingine, katika mji wa Houma, na karatasi zikapelekwa kwa watu waliokuwa wamepoteza kila kitu. Mwaka uliofuata lilipata tuzo mbili za Pulitzer. Sidhani kama lilikuwapo gazeti lililopendwa na mji wake kuliko hilo.

Miaka saba baada ya gharika, wenye gazeti walitangaza kwamba kuanzia Oktoba 1, 2012 litachapwa siku tatu tu kwa wiki. Watu wa New Orleans waliandamana, wazungu kwa weusi, matajiri kwa maskini. Walieleza jambo lililo wazi, kwamba sehemu kubwa ya maskini wa mji hawakuwa na intaneti nyumbani. Hawakusikilizwa. Gazeti la Baton Rouge, mji ulio mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, liliposikia hayo lilianza kuchapa toleo la New Orleans na kuligawa majumbani kila siku. Wakubwa wa Times-Picayune walishtuka, na mwaka 2013 wakatoa kijigazeti cha kuziba zile siku tupu, lakini kiliuzwa madukani na katika visanduku vya barabarani, hakikupelekwa mlangoni. Walikuwa bado hawajaelewa kosa lao liko wapi. Mwaka 2019 gazeti la Baton Rouge, lile lililong'ang'ania kubisha hodi kila asubuhi, lilimnunua mzee wa miaka 182. Waandishi wengi wa Times-Picayune walipoteza kazi zao siku hizo.

Jambo ambalo wenye hesabu hawakuliona ni kwamba gazeti la mlangoni ni mazoea kabla hayajawa bidhaa. Mtu anayelikuta gazeti uani kila siku hajiulizi kama atalisoma leo. Anayelikuta siku tatu ameshaanza kujiuliza, na mtu aliyeanza kujiuliza jambo la namna hiyo hana safari ndefu ya kufikia kuacha. Ukimwambia alifuate mwenyewe katika simu, unamtuma sokoni penye kelele elfu, ambako taarifa ya bajeti ya shule inashindana na mipira, mizaha na matusi ya dunia nzima. Kuipeleka habari kwa mtu na kumtaka mtu aifuate habari ni mambo mawili mbalimbali kabisa.

Tangu hapo mwendo umekuwa wa haraka. Magazeti kadhaa, hasa ya kampuni ya Gannett, yamewaacha wagawaji na kukabidhi nakala kwa posta, kwa hiyo msomaji hulipata gazeti la asubuhi pamoja na barua zake mchana, na siku ya Jumapili halipati. Mwezi Februari 2025 gazeti la Star-Ledger la Newark liliacha kuchapwa likabaki katika intaneti peke yake. Jirani yake, Jersey Journal, lililoanza mwaka 1867, lilifungwa kabisa siku zile zile kwa sababu kiwanda kilichoyapiga chapa yote mawili kilifungwa. Gazeti la Atlanta, Journal-Constitution, lilichapa nakala yake ya mwisho ya karatasi Desemba 31, 2025. Chuo Kikuu cha Northwestern, ambacho huyahesabu magazeti ya Marekani kila mwaka, kilikuta magazeti 8,891 yaliyokuwapo mwaka 2005 yamebaki kama 5,600 mwaka 2024, na kaunti zaidi ya 200 hazina chombo chochote cha habari za mahali.

Ndugu watumishi wa umma, sehemu inayofuata yawahusu ninyi hasa.

Mwaka 2007, siku ya mwisho ya mwaka, gazeti la Cincinnati Post lilifungwa. Lilikuwa gazeti dogo la jioni, limebakiwa na wanunuzi kama 27,000, na mji ulikuwa na gazeti jingine kubwa zaidi. Mtu angesema hakuna kilichopungua. Wachumi wawili, Sam Schulhofer-Wohl na Miguel Garrido, walikwenda kuangalia miji midogo ya Kentucky, ng'ambo ya mto, ambayo Post ndilo lililokuwa likiiandika kwa bidii. Waligundua kwamba baada ya gazeti kufa watu wachache zaidi walijitokeza kugombea udiwani, waliokuwa madarakani walipata nafasi kubwa zaidi ya kurudi, na wapiga kura walipungua. Hakuna aliyewakataza watu kugombea. Hawakujua tu kwamba kulikuwa na jambo la kugombewa.

Wataalamu wengine, Gao, Lee na Murphy, walichunguza bei ya mikopo. Miji ya Marekani hujenga shule na mabomba ya maji kwa kuuza hatifungani. Wakagundua kwamba gazeti la mahali likifungwa, riba inayotozwa mji hupanda, kwa sehemu 5 hadi 11 katika kila sehemu 10,000. Ni kidogo kusikia, lakini katika mkopo wa mamilioni wa miaka ishirini si haba. Mkopeshaji hajali siasa wala hana mapenzi na waandishi. Yeye hujua tu kwamba halmashauri isiyotazamwa ni mdaiwa wa hatari zaidi, naye huipandishia bei. Mwananchi aliyeokoa fedha za gazeti huzilipa, bila ya kujua, katika kodi.

Na iko habari ya Bell. Huu ni mji mdogo karibu na Los Angeles, wenye watu wasiofika 40,000, wengi wao wahamiaji wanaofanya kazi za mikono. Haukuwa na gazeti la kila siku la kwake, na magazeti makubwa ya jirani hayakutuma mtu katika vikao vyake. Mwaka 2005 wakubwa wa mji waliitisha kura maalumu ya kubadili katiba ya mji, ambayo ingeuondoa katika mipaka ya mishahara ya madiwani iliyowekwa na jimbo. Watu waliopiga kura hawakufika 400. Mwezi Julai 2010 waandishi wawili wa Los Angeles Times, Jeff Gottlieb na Ruben Vives, waliokuwa wakifuatilia habari za mji wa jirani, waliomba kuona hesabu za Bell. Meneja wa mji, Robert Rizzo, alikuwa akilipwa mshahara wa dola 787,637 kwa mwaka. Rais wa Marekani hulipwa 400,000. Mkuu wa polisi alipata 457,000, na madiwani wengi walijipa karibu 100,000 kila mmoja kwa kazi ya saa chache. Mwaka 2014 Rizzo alihukumiwa kifungo cha miaka 12.

Yanayonishangaza katika kisa hiki si ulafi wa Rizzo. Walafi wako kila mahali. Linalonishangaza ni kwamba vikao vya Bell vilikuwa vya hadhara. Milango ilikuwa wazi, na viti vilikuwapo. Kwa miaka kadhaa mtu yeyote angeweza kuingia na kukaa, lakini hakuna aliyekuwa analipwa kukaa pale usiku baada ya usiku, akisikiliza ajenda ya kumi na nne ambayo siku tisini na tisa katika mia haina lolote. Mwananchi wa kawaida ametoka kazini, amechoka, ana watoto. Hatuwezi kumlaumu. Nami naamini pia kwamba miongoni mwa makarani wa Bell walikuwapo waaminifu walioona tarakimu zile na kunyamaza, wakihofia kibarua. Mtumishi mwaminifu mahali pasipo na mwandishi ni mtu mpweke sana.

Pamoja na hayo, tusiyapake magazeti hayo mafuta. Mengi yalikuwa yakiwaona baadhi ya watu wa mji na kuwapita wengine. Mwaka 2004 gazeti la Lexington katika Kentucky, Herald-Leader, liliwaomba wasomaji radhi kwa kuzipuuza habari za mapambano ya Wamarekani weusi ya miaka ya 1960, yaliyokuwa yakitokea mbele ya macho yake. Watu weusi hawakungoja radhi hiyo. Mwaka 1905 Robert Abbott alianzisha Chicago Defender, na kwa kuwa katika majimbo ya Kusini wenyeji wengi wa kizungu hawakutaka lionekane, lilisafiri kwa siri katika mabegi ya wahudumu weusi wa mabehewa ya kulala ya reli. Likifika, nakala moja ilipita mikono mingi, na katika vinyozi na makanisani ilisomwa kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma. Mamia ya maelfu ya watu waliohamia Kaskazini kutafuta kazi walipata humo habari za huko waendako. Hao wahudumu wa reli nawaona ndio wagawaji bora wa magazeti waliopata kuwapo. Defender liliacha kuchapwa kwenye karatasi mwezi Julai 2019.

Habari hiyo ya kusomewa inatuleta kwetu, kwa sababu hapa ndipo tunapofanana. Sisi hatukuwa na mtoto wa baiskeli. Gazeti letu lilisafiri kwa treni, kisha kwa basi, likafika mikoani limechelewa siku moja au wiki nzima, likauzwa kituoni, na lililobaki likafungia vitumbua. Lakini Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilisomwa kwa sauti vijijini mbele ya watu waliokusanyika, na mwalimu ndiye aliyekuwa msomaji. Mwaka 1974, katika kampeni ya elimu ya watu wazima, lilianzishwa Mwanza gazeti la vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho, ili mkulima aliyejifunza kusoma jana apate cha kusoma leo, kwa maneno makubwa na mambo ya kanda yake: pamba, mifugo, maji ya kunywa. Waliolianzisha walijua kwamba elimu ya kusoma isiyoletewa cha kusoma hurudi ilikotoka, na walijua kwamba Dar es Salaam haiwezi kuandika habari za kila kisima.

Leo simu imefika mahali ambapo gazeti halikufika kamwe, nami sitaitukana simu. Imeondoa ule ucheleweshaji wa wiki nzima. Mwalimu aliye mbali na lami huzisoma habari za Bunge dakika ile ile zinapotokea. Lakini jiulizeni zinazomfikia ni habari za wapi. Atajua waziri amesema nini, na timu gani imemsajili nani, na yule msanii amegombana na nani. Kuhusu zahanati ya kata yake, iliyopangiwa fedha mwaka juzi na kusimama kwenye msingi, simu iko kimya, kwa sababu simu haina mtu aliyekwenda kuitazama. Simu ni mgawaji hodari kupita wote waliotangulia. Tatizo ni kwamba katika mfuko wake hamna ukurasa wa wilaya.

Kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoa ripoti zake, na kwa siku kadhaa nchi nzima huzungumzia halmashauri hii na ile. Hiyo ni kazi kubwa na ya heshima. Lakini mkaguzi hufika baada ya fedha kutumika. Mwandishi wa mahali hukaa mle ndani fedha zinapogawanywa, naye huuliza swali wakati ambapo jibu bado linaweza kubadili jambo. Katika mikoa yetu mzigo huo hubebwa na redio za jamii, ambazo nyingi zinaishi kwa misaada ya kuhesabika, na na waandishi wa mikoani wanaolipwa kwa kila habari iliyochapwa. Mtu anayelipwa kwa habari iliyochapwa hawezi kukaa katika kikao ambacho pengine hakitatoa habari. Akialikwa kwenye semina yenye posho atakwenda semina, na ingekuwa mimi ningekwenda pia.

Nchi nyingine zimejaribu dawa mbalimbali. Norway, tangu mwaka 1969, hutoa ruzuku ya serikali kwa magazeti, hasa madogo na yale yaliyo ya pili katika miji yao, kwa kanuni zilizo wazi ili waziri asichague rafiki zake. Sweden ilifika mbali zaidi kwa kusaidia ugawaji wenyewe, hata magazeti yenye kushindana yakabebwa na mgawaji mmoja kwa gharama moja. Huko Philadelphia tajiri mmoja, H. F. Lenfest, mwaka 2016 aliikabidhi taasisi isiyo ya faida gazeti la Inquirer. Mwaka 2019 Salt Lake Tribune liligeuzwa kuwa shirika la hisani. Dawa ya matajiri siitegemei sana, kwa kuwa huwezi kupanga bajeti ya wilaya kwa kutumaini kwamba atazaliwa tajiri mwema. Ile ya Sweden naiona ina akili, kwa sababu ilitambua kwamba kufikisha ni sehemu ya kazi ya kuhabarisha, kama vile kuna barabara za umma ambazo kila mwenye gari hupita bila ya kuulizwa anabeba nini.

Kwa upande wetu, sheria inataka baraza la madiwani likutane katika kikao cha kawaida walau mara moja kila miezi mitatu, na kikao hicho ni cha hadhara. Tangazo lake hubandikwa ubaoni nje ya ofisi. Ninyi mlio katika halmashauri mnajua ni watu wangapi wasio madiwani wala wataalamu waliokaa kwenye viti vya nyuma katika kikao kilichopita. Ninyi mlio walimu mna vijana wanaojifunza uraia kwa kukariri idadi ya kamati za halmashauri, na baadhi ya shule zenu zipo umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwenye ukumbi huo. Mwanafunzi anaweza kukaa, kusikiliza na kuandika ukurasa mmoja, na ukurasa huo ukabandikwa kwenye ubao wa shule, mzazi akausoma siku ya kikao cha wazazi. Hautakuwa gazeti. Lakini pale ambapo hapajapata kuwa na gazeti, utakuwa ndio maandishi ya kwanza juu ya kikao hicho yasiyoandikwa na ofisi yenyewe.

Ndugu Mwenyekiti ameniambia kwamba muda wa maswali upo, na nimeona ndugu wa idara ya fedha ameshanyoosha mkono tangu nilipotaja mji wa Bell.